Fungate ya Watu Watatu

Kayseri, 2 Julai 1984

Mama mdogo mpenzi,

Nabusu mikono yako, na ya baba mdogo Rıfat pia. Huku tu wazima. Mama mgongo unamsumbua, lakini habari ya daktari hataki kuisikia. Anasema daktari atamwambia apumzike, na yeye kupumzika hajui kunaanzia wapi. Joto limetukalia vichwani.

Harusi imepita. Kila mtu aliuliza, "Münevver yuko wapi?" nasi tukajibu kwamba kiwanda hakikukupa ruhusa. Shangazi yake Tahsin akadai viwanda vya Ujerumani hufungwa kiangazi, watu wote hurudi nyumbani na magari yamejaa mazagazaga. Mama akamwambia ale keki yake. Bangili uliyonitumia naivaa. Nimechoka, mama mdogo, nikikaa tu nasinzia. Usiku wa hina, siku ya harusi, halafu juma zima la wageni wanaokuja kutazama bibi harusi anavyomimina kahawa.

Nina mambo mawili. La kwanza, nimepata kazi. Nimepangiwa shule ya msingi Amasya mjini, niripoti katikati ya Septemba, na nisiporipoti nafasi anapewa mwingine. Unajua nilivyoisubiri. Tahsin nilimwambia kabla ya harusi, akasema, "Tutaona." Nimemwambia tena baada ya harusi: "Tutaona, Perihan." Idara ya maji anakofanya kazi ina ofisi Amasya, angeomba uhamisho angepewa. Hajaomba, hajakataa. Na sheria yetu ndiyo hiyo, mke hafanyi kazi mpaka mume aridhie.

La pili ni fungate. Tahsin katukatia tiketi za basi la maharusi: Safranbolu, Kastamonu, Amasya, Tokat, Sivas, miji ya kale na ngome zake. Nilipoona Amasya imo, nilimrukia nikambusu mbele ya mama yake. Kisha nikaona tiketi ni tatu.

"Hii ya nani?"

"Ya mama. Tangu baba afariki hajatia mguu nje ya Kayseri. Tumwache peke yake nyumbani?"

Ungesema nini? Nikasema, "Karibu, mama." Mama yake, Bi Behice, alikuwa amesimama pale na birika mkononi. Hakuonyesha kufurahi, hakuonyesha kuchukia.

Nipe shauri, maana mama yangu kila nikimuuliza anaanza kukunja nguo.

Mwanao,
Perihan


Köln, 16 Julai 1984

Peri wangu,

Nabusu macho yako yote mawili. Baba mdogo wako anakusalimu mno. Yuko zamu ya usiku, ndiyo maana haandiki mwenyewe, lakini amesema huyo Tahsin akikusumbua, aitwe Köln aje ajibu mashtaka. Mwambie dada yangu aache ukaidi aende kwa daktari. Mimi ni mzima, ila mikono inakufa ganzi. Kutwa nzima nafunga vioo vya magari, nikilala naona vioo.

Nimecheka peke yangu jikoni kwa hiyo tiketi ya tatu. Mama mkwe ndani ya basi la maharusi! Watamkalisha wapi, katikati yenu kama mto? Usikasirike, mwanangu, nacheka kwa sababu si mimi.

Shauri uliloomba ni hili. Ukishaolewa umeolewa. Kazi zitakuja nyingine. Mwanamke peke yake kwenye mji asiojulikana, kila pazia litakuwa na jicho nyuma yake. Mimi nilimfuata Rıfat hadi huku kwenye mvua isiyokatika, sikujua hata neno la kuombea mkate, na sikufa. Vumilia. Tahsin ni kijana mpole, wapole huchelewa tu. Na huyo mama mpikie vizuri, siku moja utazoea.

Suala la mimi kutokuja harusini usilitie moyoni. Kazi ilikuwa kazi kweli.

Mama yako mdogo,
Münevver


Kastamonu, 21 Julai 1984

Mama mdogo,

Sijui kama umenijibu. Jibu lako kama lipo linanisubiri nyumbani. Nakuandikia chini ya ngome, kwenye mkahawa, na Bi Behice yuko mbele yangu anamenya tango. Anakusalimu. Nawe na baba mdogo nawabusu mikono.

Uliwahi kuona fungate ya namna hii? Asubuhi ya safari konda alishika karatasi yake ya viti, akatutazama watatu. Basi zima ni wawili wawili, vijana wameshikana mikono kana kwamba basi litawatenganisha. Konda akasema, "Mwanamke na mwanamke, dada, desturi ni hiyo. Kaka atakaa mbele." Akaniweka na mama mkwe, na Tahsin akamweka na dereva wa akiba, mtu mnene anayekoroma tangu tunatoka mjini. Nilimtazama Tahsin aseme neno. Akasema, "Sawa tu, kiti ni kiti."

Basi nimeanza ndoa nikitazama kisogo cha mume wangu. Kila baada ya muda konda anapita na chupa ya marashi ya ndimu, anatumiminia viganjani, na kila akifika kwetu anasema, "Mungu awape furaha, mabibi," halafu anajichekea.

Bi Behice magoti yake hayapandi vilima. Kwa hiyo tukifika kwenye ngome, Tahsin anapanda na wenzake, na kamera yake, nami nabaki chini na mama yake. Nimekuwa mtaalamu wa mikahawa iliyo chini ya ngome. Huko juu, anasema Tahsin, kuna upepo mzuri.

Na kuna jambo jingine, naona haya kuliandika, ila wewe uko mbali na karatasi haina uso. Safranbolu tulifikia kwenye nyumba ya kale iliyofanywa hoteli, dari za mbao na mlango unaolia. Vyumba viwili. Tahsin alinivuta pembeni. "Mama anaogopa chumba kigeni. Lala naye leo tu." Nikalala naye. Hiyo leo tu ikaja mpaka Kastamonu. Asubuhi mabibi harusi wenzangu wananiuliza kwa kukonyeza, "Umelala vipi?" Nawaambia nimelala vizuri, na nimelala vizuri kweli, hilo ndilo linalonichosha.

Keshokutwa tunafika Amasya. Sijamwambia mtu, lakini nitaitafuta shule.

Perihan


Sivas, 26 Julai 1984

Mama mdogo mpenzi,

Salamu kwako na kwa baba mdogo. Tuko mji wa mwisho, keshokutwa nyumbani. Miguu imevimba kwa kukaa, hebu fikiria, wengine imevimba kwa kupanda.

Amasya ni nzuri. Nyumba zimeinamia mto, na juu yake mwamba wenye makaburi ya wafalme, na juu ya makaburi ngome. Tahsin akaenda juu. Nikaagiza chai, nikawa natafuta namna ya kumwambia Bi Behice nina haja ya kutoka kidogo. Akanitangulia.

"Mwanangu, utaacha lini kuogopa?"

"Kuogopa nini, mama?"

"Kulala na mumeo. Mimi nimekaa kimya, nimesema ni mtoto, atazoea. Tahsin aliniambia unaogopa, unalia, nikae nawe. Ndiyo sababu nikaja hii safari. Unadhani mimi nilitaka kuhangaishwa na basi kwa haya magoti?"

Nikaweka glasi chini. "Mama, mimi aliniambia wewe ndiye unayeogopa."

Akanikodolea macho. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akawa anafuta macho kwa ncha ya kitambaa, na mwishoni sikujua tena kama ni kicheko. "Mimi? Tangu marehemu atangulie nalala katikati ya kitanda, mkono huku na mkono huku. Usingizi mtamu kama huo sijaupata ujanani. Na wewe unakoroma, ujue."

"Sikoromi."

"Unakoroma kama yule dereva wa akiba."

Basi tukakaa pale wawili, tumejua jambo moja. Tulimtazama mtu mmoja aliyeonekana mdogo kule juu ya ukuta wa ngome, hatukuweza kutambua kama ni yeye. Mwenye kuogopa kumbe alikuwa Tahsin peke yake, huko juu, anapiga picha. Nilimwonea huruma na nilitaka kumpiga, vyote kwa mara moja.

Nikamweleza habari ya shule. Kumbe hakuwahi kuambiwa. Akasema, "Nilimuuguza mama mkwe, nikamuuguza mume. Nikajisemea Tahsin akioa nitafunga vyumba viwili, nitapika ninachokitaka mimi, na siku nisiyotaka sipiki. Lakini ningekutamkiaje nenda? Mtaa mzima ungesema Behice kamfukuza bibi harusi hata hina haijatoka mikononi." Akainuka kwa kushika meza. "Haya, iko wapi hiyo shule?"

Shule imefungwa kwa likizo, lakini mwalimu mkuu tulimkuta, mzee mwenye suti ya kahawia, anapaka rangi madawati akisaidiana na mlinzi. Alinipokea vizuri. Kisha akaniuliza, "Umeolewa, binti?"

"Ndiyo. Mwezi uliopita."

"Na mumeo ameridhia?"

Kabla sijajibu, Bi Behice akasogea mbele yangu na mkoba wake.

"Mumewe nimemzaa mimi. Ameridhia."

"Bibi, inatakiwa aseme mwenyewe."

"Mwenyewe yuko juu ya ngome. Ukitaka kupanda ukamuulize, panda. Mimi magoti yangu hayapandi."

Mzee akautazama ule mwamba, akatazama brashi yake, akaagiza chai.

Jana hapa Sivas, wakati wa chakula, Bi Behice alimwambia Tahsin, "Mkeo anaenda Amasya Septemba. Nimeshakujibia." Tahsin akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema, "Tutaona." Mama yake akasema, "Mimi nimeshaona," akaendelea na supu. Kisha akachukua funguo zake akaenda kulala peke yake, akajifungia. Mimi na Tahsin tulikaa kitandani kila mmoja na ukingo wake. Akanieleza matofali ya buluu ya minara ya hapa yanavyochomwa. Anajua mengi kuhusu matofali. Nilimsikiliza mpaka nikalala na nguo.

Niambie la kufanya, mama mdogo, lakini niambie upesi.

Perihan


Köln, 4 Septemba 1984

Peri,

Macho yako nayabusu. Barua zako mbili zilifika pamoja, na zilinikuta kitandani. Si ugonjwa wa kutisha, ni mgongo, sasa mimi na mama yako tumekuwa mapacha. Ndiyo maana nikachelewa.

Baba mdogo wako anakusalimu. Nimemsomea yote, akasema, "Mwambie mke nyumba yake ni pale alipo mume." Nami nasema hivyo hivyo. Huyo mama mkwe ni mtu mzuri, na amenichekesha kwa maneno yake na mwalimu mkuu, lakini yeye ana nyumba na jina, wewe una nini? Ukiondoka sasa, hata mwaka haujaisha, watasema umeachwa. Wala hawatauliza nani aliogopa. Mkae nyumbani, mpe muda. Wanaume wa namna hii wakishapata mtoto hubadilika.

Nimeandika mara tatu na kuchana. Hii nimeituma kwa sababu nimechoka kuchana.

Usiende, mwanangu. Usikae peke yako.

Münevver


Amasya, 14 Oktoba 1984

Mama mdogo mpenzi,

Nabusu mikono yako. Barua yako ilifika Kayseri nimeshaondoka, mama akaituma huku. Kwa hiyo sijakukaidi, posta ndiyo iliyonikaidia.

Nimepanga vyumba viwili nyuma ya soko, juu ya duka la muuza majiko. Ngazi ni mbovu, maji hutoka asubuhi tu. Nina darasa la kwanza, limejaa pomoni, wananiita "mwalimu wangu" kila mmoja kana kwamba ananimiliki. Narudi sauti imekauka, nakula mkate na jibini nimesimama. Nimechoka kama nilivyochoka kwenye juma la wageni, ila huu uchovu nautaka.

Tahsin alikuwa kazini siku nilipoondoka. Asubuhi alisimama mlangoni, akaniuliza kama nimechukua koti. Nikasema nimechukua. Akaenda. Bi Behice ndiye aliyenisindikiza stendi. Tangu hapo Tahsin ameniandikia kadi moja yenye picha ya ngome ya Kayseri, na nyuma yake habari ya hali ya hewa. Bi Behice hajui kuandika, lakini ananitumia salamu kwa mdomo wa mama yangu: anasema mwanawe anarudi kutoka kazini, anakaa, anasubiri chakula, na usingizi wake yeye mama wa katikati ya kitanda umemtoka kwa hasira.

Mwalimu mkuu aliniuliza tena juu ya mume. Nikamwambia, "Yule bibi yuko mbioni kurudi, nikuitie?" Akasema hapana haja.

Jirani zangu wananiangalia, ulisema kweli. Kuna mmoja huleta tufaha ili aone kama ndani kuna mwanaume.

Sasa nakuuliza jambo, na usiponijibu sitakuuliza tena. Mama alikutana na mtoto wa Hilmi wa mtaani kwetu, yule aliyerudi kutoka Köln kiangazi. Alimuuliza habari za baba mdogo. Yule kijana akaanza kuongea bei ya mafuta ya gari, hakunyamaza mpaka mama akamwacha. Mama yangu amekunja nguo zote za nyumba hii na ile. Sina mengine. Jioni huwasha jiko, naweka birika, na chai ya mtu mmoja inachemka sawasawa na ya watu wawili.

Perihan


Köln, 11 Novemba 1984

Perihan,

Rıfat hayuko hapa. Aliondoka majira ya kuchipua ya mwaka juzi. Anaishi Düsseldorf na mwanamke wa kantini ya kiwanda chao, wana mtoto wa kiume. Salamu zake zote nilizokuwa nikikuletea niliziandika mimi. Yale maneno ya nyumba na mume pia ni yangu, nilimtia mdomoni kwa sababu niliona yakitoka kwangu hayana nguvu.

Ningekuja harusini peke yangu? Wangesema nini, Münevver kaenda kumfuata mume Ujerumani akampoteza huko huko? Nikasema nitakuja mwakani. Kila mwaka ni mwakani. Kiangazi kiwanda kinapofungwa, nakaa hapa na pazia limefungwa ili majirani wa kwetu wadhani nimesafiri.

Nilikwambia usikae peke yako kwa sababu mimi najua kunavyokuwa. Sikukwambia kwamba nilipokuwa naye pia nilikuwa peke yangu, na zaidi nilikuwa nampikia. Hilo la chai umelisema vizuri, limeniumiza.

Usimwambie mama yako. Au mwambie. Nimechoka kuamua.

Münevver


Amasya, 9 Desemba 1984

Mama mdogo wangu,

Nabusu mikono yako. Yako wewe tu.

Mama nilimwambia. Alilia, kisha akasema alijua tangu mwaka jana, maana Rıfat hajawahi katika maisha yake kusema salamu ndefu kiasi hicho. Amesema uje. Likizo ya baridi shule inafungwa Januari, njoo huku kwangu kwanza kama Kayseri inakutia hofu. Kitanda nitanunua. Jirani wa tufaha atapata kazi ya kufanya, atakuja na kikapu kizima.

Nakuandikia leo Jumapili mchana, theluji inaanguka tangu asubuhi. Tahsin amekuja.

Bi Behice amefunga nyumba. Ameenda kwa dada yake Adana kwenye joto, na funguo kaondoka nazo. Aliniambia kupitia mama kwamba hakumfukuza mtu, amekwenda tu kupumzisha magoti. Tahsin akalala kwa rafiki yake siku mbili, kisha akapanda basi.

Nilipofungua mlango alikuwa amesimama kwenye ngazi na sanduku, kofia imejaa theluji. Alikuwa amekonda. Nilifurahi kumwona, mama mdogo, naandika hivyo kwa sababu ni kweli na ilinishangaza.

"Nimekuja kukuchukua," akasema.

"Siendi, Tahsin."

Sikupaza sauti. Akatazama ndani: madaftari ya watoto mezani, jiko, soksi zangu kwenye kamba.

"Mama nilimdanganya," akasema. "Na wewe pia."

"Najua. Wote tunajua."

"Nilidhani utanicheka."

"Tulikucheka. Mimi na mama yako, chini ya ngome. Kisha tukaacha."

Akakaa kwenye ngazi palepale, na baridi ile, akafunika uso kwa kofia. Sikumwendea. Ningemwendea ningejikuta nafunga virago, najijua. Nilisimama nimeshika mlango, joto lote la jiko linatoka nje. Mwishowe nikamwambia, "Mimi nakaa hapa. Ukitaka kukaa, vua viatu uingie. Ukitaka kurudi, basi la Kayseri linaondoka asubuhi. Ila amua wewe, sikuamulii, wala mama yako hayupo."

Nilirudi mezani nikaendelea kusahihisha hesabu, mlango nimeuacha wazi. Nikampa mtoto mmoja alama asizostahili. Kisha nikasikia anahangaika na kamba za viatu, zilikuwa zimeganda.

Sasa amelala kwenye kochi, koti hajavua. Hajasema anakaa, hajasema anaondoka. Viatu vyake vimeloa chapachapa, nimevisogeza karibu na jiko. Kama kesho ataondoka, aondoke na miguu mikavu. Mimi saa mbili asubuhi nina kipindi cha kusoma, tumefika herufi ya R.

Mwanao anayekusubiri,
Perihan